Stesheni ya Kongwa, baada ya karanga

Tiketi ya treni ya kwenda Kongwa haiuzwi tena popote. Ukiulizia pale stesheni ya Dodoma utaelekezwa kituo cha mabasi. Lakini reli ilikuwepo. Ilichepuka kutoka Reli ya Kati pale Msagali, ikaelekea kaskazini hadi Kongwa, ikabeba matrekta, mbegu, saruji na watu kwa maelfu, kisha ikang'olewa kabla watoto waliozaliwa siku ya treni ya kwanza hawajabalehe. Habari zake nimezisoma kwa miaka mingi, na karibu kila mahali nilikuta zimesimuliwa nusu tu, ile nusu ya mradi wa karanga wa Waingereza. Wasimulizi wakifika mwaka 1951 hufunga kitabu, kana kwamba wazungu walipoondoka na stesheni nayo ilikufa siku hiyohiyo. Haikufa. Miaka kumi na mitatu baadaye ilipata wageni wengine, na hao ndio walionifanya nifunge safari.

Nilianzia Dar es Salaam kwa treni ya umeme, hii iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Ni safari nzuri, laini, na kwa kasi yake milima ya Uluguru hukaa dirishani kwa muda mfupi mno. Reli ya zamani, ile ya Wajerumani, ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukishaipita Kilosa, reli hiyo hufuata bonde la Mkondoa kuelekea Kidete, Godegode na Gulwe, na mto huo umeibomoa mara nyingi kupita kiasi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliifunga kwa miezi. Nayataja haya kwa sababu mradi wa karanga uliitegemea njia hii moja kwa kila kitu, kuanzia tingatinga hadi msumari, na mvua za huku hazijawahi kuuliza mtu ana mkataba na nani.

Kutoka Dodoma unarudi mashariki kwa basi, barabara kuu ya Morogoro, hadi Mbande. Hapo unashuka, unatafuta gari dogo la kuingia kusini, na muda si mrefu unaanza kuona milima ya Kiboriani mbele yako. Nilifika Kongwa saa nne asubuhi. Mji wenyewe ni makao makuu ya wilaya, una soko, una ofisi za serikali, una maduka ya pembejeo na vyerehani barazani. Ng'ombe ndio fahari ya wilaya: ranchi ya taifa ya Kongwa, maarufu nchi nzima, imekaa kwenye ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga. Na ukitaka kuona biashara ya nafaka kwa ukubwa wake, nenda Kibaigwa, kule kwenye barabara kuu, ndani ya wilaya hiihii, ambako mahindi hupakiwa kwenye malori ya kwenda mikoani na nje ya nchi. Soko hilo limekua kando ya lami. Njia ya reli ya Kongwa haikuwahi kupita hapo.

Nilianzia sokoni kwa makusudi. Nilitaka kununua karanga za Kongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu karanga. Hizi za kukaanga, zile mbichi."

Zilikuwa nyekundu, ndogo, zimejazwa kwenye sado mpaka zikafanya kichuguu. Nilimuuliza zimetoka wapi. Akanitazama kwa mshangao kidogo. "Za hapahapa. Bibi zetu wamelima karanga hapa." Halafu akanieleza, bila mimi kumwomba, jinsi anavyolima. Shamba lake kubwa ni la uwele na mtama. Karanga na njugu mawe anazipa kipande chepesi chenye mchanga, na hazipandi mpaka ardhi imelowa vizuri. Mvua ikikatika katikati, anasema, uwele utamwokoa. Karanga ni za pesa ya sabuni na ada ya shule, na mwaka ukiwa mbaya anazisamehe.

Nilimwomba anionyeshe mche. Alikuwa nao mmoja nyuma ya meza, umekauka na majani yake, maganda bado yananing'inia. Alishika kikonyo kimojawapo kwa vidole viwili akakivuta taratibu. Ua la karanga likishachavuka, kikonyo chake hurefuka na kuinama, kikaingia ardhini, na huko chini ndiko ganda hukua. "Ardhi ikiwa ngumu hakiingii," alisema. "Na kikiingia halafu ardhi ikakauka, unavuta majani peke yake, karanga unaziacha chini." Kwa maneno hayo machache alikuwa amenisimulia robo tatu ya anguko la mradi uliogharimu mamilioni ya pauni.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza haikuwa na mafuta ya kula ya kutosha. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa mali ya Unilever, alipeleka wazo serikalini: karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na hesabu: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla zaidi ya ekari milioni tatu. Mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika: Nachingwea kusini, Urambo magharibi, na Kongwa hapa katikati. Waliona ardhi ya Ugogo ina watu wachache, wakaamini ni kwa sababu haijafyekwa.

Wagogo, wenyeji wa hapa, wangeweza kuwaambia kwa nini watu ni wachache. Hii ni nchi ambayo kila ukoo una kumbukumbu ya njaa kwa jina lake. Mtunya, njaa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa bado mbichi vinywani mwa wazee mwaka 1947. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 500, nayo inaweza kunyesha nusu yake katika siku chache kisha ikakaa kimya. Habari hiyo haikuwa siri, na mama yeyote mwenye jembe angeitoa bure.

Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa mwanzoni mwa 1947. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni 7,500. Matrekta yalikuwa masalia ya vita, mengine yametolewa Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta kiwandani Uingereza. Bandari ya Dar es Salaam ikazidiwa, reli ikazidiwa, na kabla mwaka haujaisha theluthi mbili za matrekta yaliyoingizwa yalikuwa hayafanyi kazi. Udongo wa Kongwa una chembe za mawe makali zinazosaga jembe la plau. Wakati wa kiangazi unakauka ukawa mgumu kama sakafu. Septemba ya mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli kuja bara, kwa sababu wafanyakazi nao walikuwa wanajua kuhesabu, na waliona bei za vyakula zinapanda kuliko mshahara.

Katikati ya pilikapilika hizo ndipo tawi la Msagali lilipotandikwa, na stesheni ya Kongwa ikajengwa.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka themanini na zaidi, niliyeelekezwa kwake na fundi cherehani. Nilimwamkia "Mbukwenyi" pamoja na shikamoo, akacheka, akaniita mjukuu wake kuanzia hapo. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi tingatinga zilipokuja. Alichokumbuka zaidi ni mnyororo. Tingatinga mbili zilitembea sambamba, umbali wa hatua nyingi, zikikokota katikati yao mnyororo mnene wa nanga ya meli, na miti yote iliyokuwa kati ikaanguka. "Nyuki sasa," alisema. "Kila mbuyu ulikuwa na mizinga au una nyuki ndani. Ukiuangusha mti wanatoka wote. Madereva walikuwa wanaruka chini wanakimbia, na sisi tunakimbia." Babu yake alikuwa na mizinga kwenye mibuyu hiyo. Hakulipwa.

Tulitembea polepole hadi upande ilikokuwa stesheni. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kuna jengo la kuvutia la kupigia picha. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1950, vyuma vikaondoka, mataruma yakaondoka. Kinachoonekana, ukiwa na mtu wa kukuonyesha, ni tuta: mgongo mrefu wa udongo ulionyooka kupita kawaida, umeota nyasi na michongoma, ng'ombe wanaukata katikati kwa njia zao. Mzee alisimama juu yake akaunyoosha mkono wake kuelekea Msagali. Kando kuna vipande vya zege, pembe zake bado zimesimama vizuri, na kokoto za aina moja ambazo si za mahali hapa. Niliinama nikaokota moja. Ilikuwa nyeusi, ya kupasuliwa kwa mashine, ya kushindilia njia ya treni.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi rasmi. Hasara iliyoandikwa ni takriban pauni milioni 36. Nachingwea ilipata reli yake kutoka Mtwara, na Mtwara ilipata bandari nzuri yenye kina, ambayo ndiyo faida kubwa iliyobaki hadi leo. Reli hiyo ya kusini nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapa Kongwa majengo ya wazungu yaliendelea kutumika kwa shule ya bweni ya watoto wao hadi 1958. Shule ikahama. Stesheni isiyo na reli ikabaki na popo na mbuzi wa kina mzee wangu.

Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa zikaunda umoja wao, na Kamati ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Vyama vilivyokuwa vikipigania uhuru kusini vilikuwa na vijana waliokwisha kupata mafunzo ya kijeshi Algeria, Misri, China na Urusi, na hawakuwa na pa kukaa. Huwezi kuwaweka vijana mia kadhaa wa jeshi katikati ya Dar es Salaam, karibu na balozi na wapelelezi wa kila aina. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitafuta mahali palipo mbali na mji lakini panapofikika kwa barabara, pana nafasi, na pana kuta za kuanzia. Mwaka 1964 ikawapa Kongwa, kwenye eneo la stesheni iliyoachwa.

Walikuja FRELIMO wa Msumbiji. Walikuja ANC wa Afrika Kusini, askari wa Umkhonto we Sizwe. Walikuja SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Kila chama kilikuwa na sehemu yake, jirani kwa jirani, na kila kimoja kilijenga mabweni yake kwa mikono, kikapanda mboga zake. Samora Machel aliongoza vijana wa FRELIMO hapa, miaka kabla hajawa rais wa nchi yake. Chris Hani alikaa hapa. Mwaka 1965 kundi la kwanza la wapiganaji wa SWAPO liliondoka Kongwa kwenda kusini, na tarehe 26 Agosti 1966, huko Omugulugwombashe, risasi za kwanza za vita vya Namibia zikalia. Leo siku hiyo ni sikukuu ya mashujaa ya taifa la Namibia. Askari wa ANC waliokaa Kongwa walikuwamo pia katika msafara ulioingia Rhodesia mwaka 1967 pamoja na wenzao wa ZAPU, wakapigana eneo la Wankie.

Nilimuuliza mzee aliwaonaje watu hao alipokuwa kijana. Alifikiri kwanza.

"Wale wa karanga walikuja na kila kitu. Sisi tulikuwa wa kubeba. Hawa walikuja hawana kitu. Walikuja kuomba maji, kununua mbuzi, kuuliza njia. Wakajifunza Kiswahili kwetu. Mtu akijifunza lugha kwako, mjukuu wangu, huwezi kumwita mgeni tena."

Hakuficha kwamba kulikuwa na matatizo. Vijana waliofunzwa kupigana walikaa miezi na miaka wakingojea amri, na kungojea huko kulikuwa kugumu kuliko mazoezi. Kulikuwa na ugomvi ndani ya kambi, kulikuwa na waliotoroka, na pombe ya kienyeji ilikuwa na wateja. Msumbiji ilipakana na Tanzania, kwa hiyo FRELIMO walikuwa na vita ya kwenda. ANC walitenganishwa na nyumbani kwao na nchi nzima zilizokuwa mikononi mwa maadui. Mtu aliyelala Kongwa akiota Cape Town alikuwa na maelfu ya kilomita mbele yake na hakuwa na njia ya wazi hata moja. Nadhani ni haki kuyasema haya. Historia ya ukombozi ikisimuliwa kwa ushindi peke yake inawanyima wale vijana sehemu kubwa ya ujasiri wao, ambao ulikuwa ni wa kuamka kila asubuhi hapa, kwenye vumbi hili, na kuendelea kuamini.

Wengine hawakuondoka. Makaburi yao yapo. Tulikwenda tukasimama, mzee akavua kofia. Alinieleza kwamba walikufa kwa maradhi, kwa ajali, kwa mambo ya kawaida yanayoua watu popote. Kwamba siku za mazishi wanakijiji walikuja na kanga mabegani, na kwamba wageni kutoka kusini bado hufika mara mojamoja kutafuta ndugu. Miaka ya karibuni serikali na UNESCO wamekuwa na mpango wa kuhifadhi maeneo ya historia ya ukombozi wa Afrika, na Kongwa haiwezi kukosa humo. Ninaomba kwa dhati kazi hiyo ifanyike mapema. Tuta la reli linaliwa na kwato za ng'ombe kila siku, na wazee wa rika la mwenyeji wangu hawatatungoja.

Nilipokuwa najiandaa kuondoka, mzee alisema kuna mtu mmoja ni lazima nimwone. Alinipeleka kwa mama wa makamo, nyumba ya tatu kutoka kwake. Baba wa mama huyu alikuwa mpiganaji kutoka kusini. Alimwoa mama yake kwa mahari, mbele ya wazee, kwa ng'ombe aliochangiwa na wenzake wa kambini. Kisha ikaja amri, akaondoka na kikosi, na hakuna barua iliyofika. Mama yake aliendelea kulima kipande kilekile, karanga na uwele, akasomesha watoto.

"Watu wanakuja," aliniambia akinimiminia chai. "Wanauliza makamanda. Nani alilala wapi, nani alifundisha bunduki. Sawa, ni vizuri. Lakini hao makamanda walikula kwa nani? Walipougua waliuguzwa na nani? Mimi nimezaliwa na kambi hii na sijawahi kuona mtu ameandika jina la mama yangu."

Nikatoa daftari. Alianza na jina la mama yake, herufi kwa herufi, akahakikisha nimeliandika sawasawa. Akafuata shangazi, akafuata rafiki za mama: aliyeolewa na mtu wa FRELIMO akaenda naye Msumbiji baada ya uhuru wa 1975, aliyeolewa na mtu wa SWAPO akabaki, aliyezaa na mtu wa ANC na mtoto akaja kuchukuliwa na ndugu zake ukubwani. Nusu saa baadaye jirani wawili walikuwa wameingia, mmoja bado ameshika kibao cha mbuzi, wanabishana kuhusu nani alitangulia kuolewa na mwaka gani, na kila mara mmoja wao ananigusa mkono: futa hapo, andika hivi.